Majina ya Mkato ya Kuiamuru Kompyuta

Somo la radio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Maneno yaliyosemwa na Ofisa wa Elimu yamepigwa chapa hapa kusudi darasa liyasome tena baada ya kusikiliza.

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Viongozi wa madarasa, tafadhali hakikisheni kwamba kila mwanafunzi anauona ukurasa wa somo hili. Leo tutasoma mistari michache pamoja, nayo imetiwa namba ili tusipoteane njiani.

Kabla ya kuanza, nataka kuwauliza swali. Ni wangapi kati yenu wanaojua kwa moyo namba ya simu ya mama yao, au ya mtoto wao, au ya mke au mume wao? Namba yote, tarakimu zote 10, bila kutazama popote? Inueni mikono.

(Kituo kidogo.)

Mimi siwaoni, lakini nadhani mikono si mingi. Wala si ajabu. Siku hizi tunaandika jina katika simu, kwa mfano «Mama», kisha twabonyeza jina hilo, na simu yenyewe inapiga zile tarakimu 10. Tumeipa namba ndefu jina fupi. Hii ni njia ya mkato, nayo ni njia njema, maana inatuokoa na makosa na inatupunguzia kazi.

Lakini simu ikizima njiani, na msamaria mwema akakuazima ya kwake, utafanya nini? Utalitafuta jina «Mama» katika simu yake. Pengine utalikuta! Lakini huyo ni mama yake yeye, si mama yako. Shikeni sana mfano huu, maana tutaurudia kabla ya somo kwisha.

Sasa tuingie katika somo. Leo tunajifunza jinsi ya kuipa kompyuta majina ya mkato ya kwetu wenyewe, ili amri ndefu tuiandike kwa neno moja.

Ganda la kompyuta

Katika somo lililopita tuliona kwamba kompyuta ina njia mbili za kuambiwa kazi. Njia ya kwanza ni kubonyeza picha ndogo ndogo kwenye kioo. Njia ya pili ni kufungua dirisha la amri na kuandika maneno. Dirisha hilo halina picha. Lina alama tu, mara nyingi alama ya dola, inayosubiri uandike. Ukisha andika, unabonyeza kitufe cha Enter, na kazi inafanyika.

Wako watu wanaoliogopa dirisha hili. Husema ni la wataalamu. Mimi nawaambia ninyi mliojifunza kusoma ukubwani kwamba dirisha hili ni lenu hasa. Humo hamna kazi ila kusoma na kuandika. Anayeweza kuandika neno, na kusoma jibu, anaweza kulitumia.

Programu inayosikiliza maneno yetu katika dirisha hilo huitwa kwa Kiingereza shell, maana yake ganda. Fikirini nazi. Ndani mna nyama, na nje mna kifuu kigumu. Vivyo hivyo, ndani ya kompyuta mna kiini kinachofanya kazi kubwa, na kuzunguka kiini hicho mna ganda. Sisi hatusemi na kiini moja kwa moja. Twasema na ganda, nalo hupeleka habari ndani na kutuletea jibu.

Mwaka 1969, katika nchi ya Marekani, mabwana Ken Thompson na Dennis Ritchie na wenzao walianza kutunga mfumo wa kuendesha kompyuta ulioitwa Unix. Walikuwa wakifanya kazi katika maabara za Bell Labs. Kompyuta za siku zile mara nyingi hazikuwa na kioo kama hizi zetu. Mtu aliandika amri kwa mashine iliyofanana na taipureta kubwa, na jibu lilipigwa juu ya karatasi. Mashine moja iliyotumika sana, Teletype Model 33, ilipiga herufi 10 tu kwa sekunde moja. Kwa sababu hiyo kila herufi ilikuwa na gharama yake, na amri zikafupishwa mno. Kunakili faili wakaandika cp. Kuhamisha faili wakaandika mv. Kuondoa faili wakaandika rm. Amri hizo ndizo tunazozitumia mpaka leo.

Hata hivyo, kufupisha amri moja moja hakukutosha. Kila mtu ana kazi zake anazozirudia kila siku. Karani wa ushirika ana zake, na muuguzi wa zahanati ana zake. Basi katika miaka ya mwisho ya 1970, Bwana Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitunga ganda ambalo ndani yake mtumiaji aliweza kubuni majina yake mwenyewe. Ganda tutakalolitumia leo laitwa bash. Lilitungwa na Bwana Brian Fox, na likatolewa mwaka 1989. Kompyuta nyingi zinazoendeshwa kwa Linux zinalo tayari. Ikiwa kompyuta ya darasa lenu ni ya Windows, ganda lake la kawaida lina maneno mengine. Fuateni somo kwa kusoma tu, na kiongozi atatafuta kompyuta ya kufanyia mazoezi.

Jina la kwanza

Kazi yangu mimi ni kutunza orodha za mahudhurio ya madarasa. Orodha hizo zimo katika folda iliyo ndani ya folda nyingine, nayo imo ndani ya nyingine tena. Kila asubuhi, ili niifikie, ilinipasa kuandika hivi. Tazameni mstari wa 1.

Mstari wa 1:
cd ~/ofisi/elimu/madaftari/mahudhurio

Herufi cd ni amri ya kuingia katika folda. Alama ile ya kiwimbi ni kifupi cha «nyumbani kwangu», yaani folda yangu mimi mwenye kutumia kompyuta. Mikwaju inatenga folda moja na nyingine. Mwaona mstari ni mrefu. Ukikosea herufi moja, ganda hukuambia kwamba folda hiyo haipo, nawe waanza tena.

Sasa tutaupa mstari huu lakabu. Mwajua maana ya lakabu. Ni lile jina ambalo watu hukuita mtaani badala ya jina lako la kitabuni. Mtu anaitwa Kipara, na kila mtu amjua ni nani. Tazameni mstari wa 2.

Mstari wa 2:
alias daftari='cd ~/ofisi/elimu/madaftari/mahudhurio'

Tuusome polepole. Neno la kwanza, alias, linaliambia ganda, «Nataka kutoa lakabu.» Neno la pili, daftari, ndilo jina nililolichagua. Kisha ipo alama ya sawasawa. Kisha, baina ya alama mbili za mtajo, yamo maneno marefu tunayoyafupisha.

Angalieni jambo moja. Kabla ya alama ya sawasawa hamna nafasi, na baada yake hamna nafasi. Vitu vyote vimeshikana. Ukiacha nafasi hapo, ganda halitaelewa. Hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila mwanafunzi, nami nililifanya.

Baada ya kuuandika mstari wa 2 na kubonyeza Enter, naweza sasa kuandika neno moja tu, daftari, na ganda litaniingiza katika folda ya mahudhurio. Herufi 7 zimechukua mahali pa mstari mzima.

Kuliandika jina lisipotee

Sasa funga dirisha, ufungue jingine, uandike tena daftari. Ganda litakujibu kwamba halijui neno hilo. Kwa nini? Kwa sababu ulilitaja jina kwa mdomo tu, kama twaweza kusema hivyo. Hukuliandika mahali.

Kila ganda lina faili ambalo hulisoma linapofungua dirisha jipya. La bash laitwa .bashrc, nalo lakaa katika folda ya nyumbani kwako. Jina hilo laanza kwa nukta. Faili lenye nukta mwanzoni hujificha, ukiorodhesha mafaili kwa ls hutaliona. Lakini ukiandika ls -a litatokea. Katika kompyuta za Mac za miaka hii ganda la kawaida ni zsh, na faili lake laitwa .zshrc. Tufungue faili letu.

Mstari wa 3:
nano ~/.bashrc

Nano ni programu ndogo ya kuandikia. Teremka mpaka chini kabisa ya faili. Yaliyomo juu usiyaguse, maana yaliandikwa kwa sababu. Andika mstari wa 2 pale chini. Kisha shika kitufe cha Ctrl pamoja na herufi O, ubonyeze Enter, faili litahifadhiwa. Halafu shika Ctrl pamoja na X, utatoka.

Ganda lililo wazi bado halijayasoma uliyoyaandika. Liambie lisome sasa hivi.

Mstari wa 4:
source ~/.bashrc

Tangu hapo jina lako litadumu. Utazima kompyuta, utaiwasha kesho, na daftari itafanya kazi.

Amri ya kujitungia

Lakabu ina mpaka wake. Inabadili neno kwa maneno mengine, basi. Maneno utakayoyaongeza huenda mwishoni tu. Lakini mara nyingine twataka neno tulilolitoa litumike katikati, au litumike mara mbili.

Nitatoa mfano. Kila siku, kabla sijaligusa faili la mahudhurio, nalinakili kwanza, na nakala naipa tarehe ya leo. Nikiharibu asili, nakala ipo. Hapo jina la faili lahitajika mara mbili, mara ya kwanza kwa kusoma na mara ya pili kwa kuita nakala. Lakabu haiwezi kazi hiyo. Basi twaitungia ganda amri mpya kamili. Tazameni mstari wa 5. Una safu tatu.

Mstari wa 5:
nakili() {
  cp -i "$1" "$1.$(date +%F)"
}

Msishtuke kwa wingi wa alama. Tutazichambua moja moja kama twachambua mchele.

Neno nakili ni jina la amri yetu. Mabano mawili matupu yanasema, «Hii ni amri inayotungwa.» Bano lenye mkunjo ni mlango wa kuingilia, na bano la mwisho ni mlango wa kutokea. Kazi imo katikati.

Ndani mna cp, amri ya kunakili. Kistari na herufi i maana yake, «Uniulize kwanza ikiwa faili la jina hilo lipo tayari.» Kisha twaona alama ya dola na tarakimu 1. Hii ni nafasi iliyoachwa wazi, kama ile ya fomu inayosema «Jina la mwombaji» ikifuatwa na nukta nyingi. Neno la kwanza utakaloliandika baada ya nakili ndilo litakalojaza nafasi hiyo. Alama za mtajo zinaizunguka kusudi jina la faili lenye nafasi katikati lisikatwe vipande viwili.

Mwisho yapo maneno date +%F, yamo ndani ya mabano yaliyotanguliwa na dola. Maneno ya namna hiyo ganda huyafanya kwanza, kisha huweka jibu mahali pake. Hapa jibu ni tarehe ya leo, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku.

Basi, ikiwa leo ni tarehe 18 Machi 2024, nami nikaandika nakili orodha.txt, nitapata faili jipya liitwalo orodha.txt.2024-03-18. Kwa neno moja nimepata nakala yenye tarehe, na sikuhitaji kukumbuka alama zote zile. Nilizikumbuka mara moja tu, siku ya kuziandika.

Kosa langu

Sasa, ndugu zangu, nitawasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Si jambo la kujivunia, lakini laweza kuwafaa.

Amri ya rm huondoa faili, na ikisha liondoa haliweki katika pipa la taka. Limekwenda. Wala haiulizi. Mtu mmoja akanishauri niandike lakabu ifuatayo. Someni mstari wa 6, lakini msiuandike.

Mstari wa 6:
alias rm='rm -i'

Mwaona hila yake. Neno rm limepewa lakabu ya jina lilelile. Tangu siku hiyo, kila nilipoandika rm, kompyuta yangu iliniuliza, «Je, niliondoe faili hili?» Nikijibu y, liliondoka. Nikijibu n, lilibaki. Nilifurahi sana. Baada ya miezi michache nikazoea kuandika rm na nyota, na nyota maana yake ni mafaili yote. Kompyuta iliniuliza moja moja, nami nikachagua: hili ndiyo, lile hapana, kama mtu anayepepeta.

Mazoea yana taabu. Siku moja nilikwenda kituo kingine cha kisomo, mbali na ofisi yangu. Jioni ile wanafunzi walikuwa wamefanya jaribio lao, na kila mmoja alikuwa ameandika jina lake katika kompyuta kwa vidole vyake mwenyewe. Kwa baadhi yao ilikuwa mara ya kwanza kuliona jina lao likitokea kwenye kioo. Walipokwisha kuondoka, nilikaa kusafisha mafaili yasiyotakiwa. Nikaandika rm na nyota, nikabonyeza Enter, nikangoja swali.

Swali halikuja. Kompyuta ile haikuwa na lakabu yangu. Kwake yeye rm ilikuwa rm. Folda ilikuwa tupu, na orodha ya wanafunzi ilikuwa imekwenda pamoja na takataka.

Siku ya pili nilirudi. Nilisimama mbele ya darasa nikaeleza yote. Nilimwendea kwanza mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ametumia karibu robo saa kuandika majina yake matatu.

«Shikamoo, mama.»

«Marahaba, mwalimu. Nasikia majina yetu yamepotea.»

«Yamepotea, mama. Nimeyafuta mimi.»

«Mashine haikukuuliza?»

«Ile ya kwangu huuliza. Hii haikuuliza.»

Mama akafikiri kidogo. «Basi wewe ulibisha hodi kwa jirani, ukadhani mlango ni wa kwako.» Halafu akavuta kiti, akaanza kuandika tena, herufi kwa herufi. Mara hii hakumaliza robo saa.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu kosa langu halikuwa kutumia njia ya mkato. Kosa langu lilikuwa kuchukua neno la watu wote na kulipa maana ya nyumbani kwangu tu. Kumbukeni ile simu ya kuazima. Jina «Mama» umelikuta, lakini anayepokea si mama yako.

Basi ifuateni kanuni hii. Njia yako ya mkato uipe jina lako, jina ambalo kompyuta nyingine hailijui. Tazameni amri niliyoitunga baada ya msiba ule.

Mstari wa 7:
kando() {
  mkdir -p ~/kando && mv -i "$1" ~/kando/
}

Amri hii haifuti kitu. Kwanza, kwa maneno mkdir -p, inatengeneza folda iitwayo kando, kama haipo. Alama mbili za && maana yake, «Hilo likifaulu, ndipo uendelee.» Kisha mv inalihamisha faili uliloitaja, inaliweka katika folda hiyo. Yafanya faili moja kwa mara moja. Mwisho wa juma nalitazama folda hilo kwa utulivu, na lisilotakiwa naliondoa.

Nikienda kwenye kompyuta ya watu nikaandika kando kwa mazoea, itatokea nini? Ganda litasema halilijui neno hilo. Basi. Hakuna kilichopotea. Nitakumbuka kwamba sipo nyumbani, na nitaandika amri kwa ukamilifu wake, macho yangu yakiwa wazi. Jina lako mwenyewe likikosekana, linakuonya. Jina la kuazima likibadilika maana, halikuonyi.

Usitie usichokisoma

Jambo la mwisho. Watakuja watu wema, na wengine si wema, watakupa mistari ya kutia katika faili lako la .bashrc. Watasema, «Wewe tia tu, itakusaidia.» Mwajua mambo ya namna hii tangu zamani. Wako wazee wetu waliotia dole gumba katika karatasi wasizoweza kuzisoma, na baadaye wakaambiwa shamba si lao tena. Ninyi mmekuja darasani ili hayo yasiwapate.

Faili la .bashrc ni karatasi ya namna hiyo. Kila kilichomo, ganda hukifanya kwa idhini yako, kila unapofungua dirisha. Mstari mmoja mbaya waweza kufuta kazi yako au kupeleka siri zako nje. Kwa hiyo usitie mstari usioweza kuusoma na kuueleza. Ukiwa na neno usilolijua, muulize ganda lenyewe.

Mstari wa 8:
type kando

Amri ya type hukuonyesha neno fulani ni kitu gani. Ikiwa ni lakabu, itasema ni lakabu ya nini. Ikiwa ni amri iliyotungwa, itakuandikia maneno yake yote. Na ikiwa neno halijulikani, itasema hivyo. Itumieni pia kabla ya kuchagua jina jipya. Mkiambiwa halijulikani, jina hilo halina mwenyewe, mnaweza kulichukua. Na ukiandika neno alias peke yake, utaonyeshwa lakabu zote zilizomo. Mara nyingine utakuta alizokwisha kutia mtu mwingine. Zisomeni. Kuuliza si ujinga.

Kazi ya darasa

Viongozi wa madarasa, tafadhali andikeni ubaoni kazi hizi nne, mzifanye pamoja kabla ya juma lijalo.

Kwanza, kila mwanafunzi ataje kazi moja anayoirudia kila siku katika kompyuta, na achague jina la Kiswahili la kuiita. Lijaribuni jina hilo kwa type kabla ya kulitumia.

Pili, andikeni lakabu moja ya kuingia katika folda ya darasa. Angalieni nafasi karibu na alama ya sawasawa.

Tatu, andikeni amri ya nakili kama ilivyo katika mstari wa 5. Itumieni kwa faili la majaribio tu, lisilo na kitu cha thamani.

Nne, jadilini swali hili: Ni njia gani ya mkato katika maisha yetu inayotufaa nyumbani, lakini yaweza kutudhuru ugenini?

Maneno ya kukumbuka

Ganda: programu inayopokea amri zetu za maandishi na kutuletea majibu.

Lakabu: jina fupi linalosimama mahali pa amri ndefu.

Amri ya kujitungia: maneno ya kazi yaliyokusanywa chini ya jina moja, yenye nafasi ya kujazwa.

Faili la .bashrc: faili ambamo majina yetu ya mkato huandikwa ili yadumu.

Muda wetu umekwisha. Kabla hamjalala usiku huu, nawaomba jambo moja dogo lisilohitaji kompyuta. Fungueni simu zenu, tazameni namba ya mtu mmoja mnayempenda, na muiandike mahali kwa mkono. Juma lijalo nitawauliza nani amekwisha kuijua kwa moyo.

Kwaherini, na usiku mwema.